Boga la Ijumaa

Mara ya kwanza kulisikia tangi likijibu, nilikuwa nimesimama karibu nalo na ndoo mkononi, jua la saa sita likinichoma utosi. Mwenye nyumba wangu, bibi mzee wa Kiborana ambaye wapangaji wote tulimwita Ako, yaani nyanya, alikuwa ameinama mbele yangu. Aligonga mfuniko wa bati kwa kikombe, akasema, "Salaam aleikum." Kutoka chini, gizani, ikaja sauti ya msumari unaoburutwa kwenye saruji. Krrr. Ikanyamaza. Ako akafunua mfuniko, akachota maji yake, akasogea kunipisha kana kwamba hakuna lolote lililotokea.

Nilichota yangu nikaingia ndani. Siku hiyo sikuyanywa.

Nilikuwa mgeni katika mtaa wa Kiwanjani. Ugatuzi ulipoingia, kaunti zilipata idara na idara zikaendelea kutafuta watu kwa miaka, na ndivyo mimi, Mmeru wa milimani niliyesomea samaki, nilivyojikuta nimeajiriwa Isiolo, mji ambao mtu akitaja mali anamaanisha ngamia na ng'ombe. Walinicheka mpaka wakachoka. Jirani yangu wa mlango wa pili, muuza miraa wa kwetu Meru, aliniuliza kama mshahara wangu hulipwa wakati wa mvua peke yake. Nilimwambia mimi angalau sitafuni bidhaa za ofisi. Mdomo wangu haujawahi kuniletea rafiki kwa haraka.

Ako hakunicheka. Yeye alinionea huruma. Kwake samaki alikuwa nyoka aliyekosa nchi kavu, na mtu aliyepelekwa shule akarudi na elimu ya nyoka alikuwa ameonewa na serikali. Kama wazee wengi waliokulia kwenye mifugo, hakuwahi kumla. Siku niliyokaanga omena, wale dagaa wa ziwani, chumbani alifungua madirisha yote ya ploti, hata yasiyokuwa yangu.

Habari ya tangi alinieleza mwenyewe, nilipokusanya ujasiri wa kuuliza. Mumewe ndiye aliyelichimba, chini ya ua, maji ya bomba yalipoanza kuja na kwenda yanavyotaka. Kila maji yaliposhuka, mzee aliingia ndani na brashi na mwiko wa fundi kukwangua utelezi ukutani. Siku moja mpangaji alifunua mfuniko bila kuangalia, akatupa ndoo, ikampasua mzee kichwa. Tangu hapo ikawa sheria ya ploti: hufunui kabla ya kugonga na kutoa salamu. Mzee akiwa ndani atakwangua ukuta kwa mwiko, nawe utangoja.

"Alikufa," Ako alisema. "Mimi nikakaa eda yangu ndani ya nyumba. Siku ya kwanza kutoka nje, nikaenda kuchota maji. Nikagonga, nikasema salaam, kwa mazoea tu. Akajibu."

Niligeuka nikautazama mfuniko wa tangi.

"Mimi naswali," akaongeza, akinitazama kwa ukali kama vile nilikuwa nimebisha. "Mimi najua mtu akikufa harudi. Lakini hiyo sauti ni mwiko yake. Nimesikia hiyo mwiko tangu niko bibi arusi."

Kisha kulikuwa na boga. Kila Ijumaa Ako alikata kipande cha boga akakidondosha tangini. Mzee alimwachia wosia huo katika siku zake za mwisho: ni sadaka, usiache, maji ya nyumba hii yasije yakakauka. Mimi niliyekuwa nakunywa maji hayo nilinung'unika kimoyomoyo. Lakini lililonisumbua zaidi halikuwa boga. Ni kwamba boga lilirudi. Siku ya pili au ya tatu ndoo iliibuka na ganda lake, na ganda lilikuwa limekwanguliwa nyama yote, likabaki jembamba kiasi kwamba mwanga ulipita. Hapakuwa na alama ya jino hata moja.

Mwanawe wa pekee alifanya kazi Nairobi. Wapangaji walimpigia simu, nafikiri kwa nia njema, wakamwambia mama yake anazungumza na tangi na kwamba tangi linamzungumzisha. Akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso wa kukosa usingizi, na alikuwa ameshakata shauri: atamchukua mama waende wakaishi Nairobi, tangi litajazwa kokoto, na ua utajengwa vyumba vya kupangisha. Ako alimsikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka. Alipomaliza, alimwambia kwamba kaburi la baba yake liko Isiolo, na kwamba Nairobi atakuwa mgeni wa mkaza mwana mpaka afe. Alisema bila kupaza sauti.

Kijana wake alinifuata nje. "Madam, wewe umesoma," akasema. "Ambia mama ukweli. Hakuna kitu iko huko ndani."

"Kuna kitu," nikamjibu. "Mimi pia nakisikia."

"Sasa mnataka niwapeleke hospitali wawili?"

Alikuwa anakwenda soko la mifugo la Oldonyiro kununua mbuzi, arudi Ijumaa, na akirudi ataondoka na mama yake. Hivyo ndivyo tulivyoachana. Nilikasirika sana, kwa sababu alikuwa amenigeuza shahidi wa kumtoa mwanamke nyumbani kwake.

Nilianza kuwaza kama nilivyofundishwa, kwa kuondoa. Chura hakwangui. Bomba likilia halingoji salamu. Kambare wetu wa kawaida, yule mwenye ndevu, angepiga maji kwa mkia na angetafuta nyama kabla ya boga. Halafu nikakumbuka mto wa kwetu. Utotoni tulikuwa tukigeuza mawe penye maji ya kasi na kukuta kisamaki kimeng'ang'ania chini ya jiwe kwa mdomo, mdomo wa duara kama kikombe, hata ukilitoa jiwe nje bado kimeshika. Hao ni ndugu wa kambare pia, na ni wa Afrika. Ila ngozi yao ni tupu, laini, na ukiwaweka kwenye maji yaliyotulia, yasiyo na pumzi, wanakufa upesi. Tangi la Ako lilikuwa kaburi kwa samaki wa namna hiyo. Nikamwondoa naye. Nikabaki na lile neno la Ako, mwiko, na sikulipenda kabisa.

Ijumaa saa ya sala wanaume walikwenda msikitini na ploti ikanyamaza. Joto la Isiolo saa hiyo lina ukimya wake. Hata kuku hujificha. Ako alikuwa kwenye mswala wake ndani. Nilitoa kioo cha kujitazamia ukutani kwangu, nikakipeleka uani, nikapiga magoti kando ya tangi. Niligonga. Salaam ilinikwama mdomoni, nikasema lile ninalotumia kusalimia watu wa kwetu.

"Habari?"

Krrr.

Nitasema wazi kwamba niliogopa. Mimi ni mtu wa maabara, na nilianza kuomba kwa Kimeru. Lakini nilifunua mfuniko, nikalikamata jua kwa kioo na kulitupa chini, jinsi wachimba visima wanavyomulika. Duara la mwanga likatembea juu ya maji, yaliyokuwa yamepungua, likapanda ukutani. Ukuta ulikuwa safi ajabu, saruji nyeupe. Kisha mwanga ukagota kwenye kitu cheusi, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kimegandama ukutani kichwa chini. Kilikuwa na mistari ya miiba midogo mgongoni na vigae vilivyopangwa mpaka mkiani. Kilikuwa na jicho. Nilipoliangazia, kijinyama kikashuka polepole mbele ya mboni, likafumba nusu, na kwa nusu iliyobaki likaendelea kunitazama.

Nikamtambua, na kumtambua hakukuniondolea hofu mara moja. Alikuwa kambare mwenye deraya, wa Amerika ya Kusini. Ni ukoo mkubwa kupita karibu koo zote za kambare. Kuna wadogo wa vijito vya milimani wanaoshika mawe, kuna wembamba wanaolala mchangani mithili ya kijiti kilichoanguka, kuna wanaokwangua magogo yaliyozama, na kuna hawa wa matope na maji yaliyolala, wanaochimba mashimo kwenye kingo, wanaomeza hewa na kuipumulia tumboni mto unapokauka. Wote badala ya magamba wana vigae vya mfupa, na mdomo wao uko chini, wa kufyonza. Mwiba wa pezi la kifuani anausaga ndani ya tundu lake akishtuliwa. Ndiyo sauti. Ila nani alimvusha bahari akamleta chini ya ua wa mwanamke asiyetaka hata kunusa omena?

Kijana wa Ako alirudi alasiri. Sikumwambia kitu, nilimpa kioo tu. Alimulika, akaomba ngazi.

Kumtoa ilikuwa kazi. Hakukimbia, alishika. Ilibidi kijana ambandue ukutani kwa vidole, na alipomfunga kwenye chandarua miiba ilijisimamisha ikanasa kote. Tulimweka kwenye beseni tupu, tukakata chandarua kwa makasi. Nje ya maji sauti yake ilikuwa kubwa zaidi. Ako alitoka ndani akiikimbilia, mtandio umemdondoka, akafika akaona kilichomo. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Ni samaki, Ako," nikasema. "Ndiye aliyekuwa anajibu."

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni na uso wake umebadilika.

"Huyu namjua," kijana akasema. "Alikuwa kwa ile hoteli."

Mzee alikuwa bawabu wa hoteli moja mjini, kati ya zile zilizochipuka kaunti ilipoanza, na mapokezini palikuwa na tangi la kioo la samaki wa mapambo. Hoteli ilipobadilisha mwenyewe, tangi likatupwa. Kijana alikuwa nyumbani likizo siku ile, muda mfupi kabla ya ugonjwa wa mwisho wa mzee, baba yake alipoingia na ndoo iliyofunikwa koti la kazi. Magoti ya mzee yalikuwa yameisha. Hakuweza tena kushuka ngazi ya tangi, na hakutaka mkewe ajue, wala hakutaka mtu baki aingie kwenye kazi yake. Mfagiaji wa hoteli alikuwa amemwambia samaki huyu hula utelezi wa kuta, na ukikosekana umpe boga.

"Aliniambia, usiambie mama. Akijua kuna samaki atamwaga maji yote." Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nikasahau kabisa. Nilidhani huyu samaki alikufa kitambo."

Ako alitema mate. Akatema tena. Alikuwa anahesabu, nilimwona, chai zote na udhu wote. Nikamwambia maji yenye samaki ni safi na dini yake haina neno nayo, akanionyesha kiganja ninyamaze.

"Basi mama hana wazimu," kijana akasema, akitazama chini. "Mama, nisamehe. Utakaa kwako. Huyu nitamuua, tuoshe tangi."

Kazi yangu ilinitaka niseme ndiyo. Samaki huyu akifika mtoni anatoboa kingo mpaka zinaporomoka, na ukimkuta kwenye shimo la tope kavu unadhani amekufa, kumbe anakungojea mvua. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Rudisha," Ako akasema.

Kijana aligeuka kunitazama mimi.

"Hiyo tangi haina mlango ya mto. Ama iko?" aliniuliza mimi. Nikasema haina. "Rudisha. Mzee ndiye aliweka."

Kijana alishuka naye ngazi. Alipopanda, Ako mwenyewe aliweka mfuniko. Akaingia jikoni, akatoka na kipande cha boga, kwa maana ilikuwa bado Ijumaa. Akapiga magoti kwa shida, akagonga kwa kikombe. Safari hii hakutoa salaam. Alisema neno moja kwa Kiborana, na mwanawe akageuza uso.

"Amesema nini?" nikamnong'oneza.

"Amemwambia, mwongo."

Krrr, tangi likajibu.

Ako alicheka mpaka akakaa chini, boga mkononi. Kisha akalia, kwa sauti, mpaka jirani yangu wa miraa akatoka mlangoni kuuliza nani amefariki. Wapangaji niliowakuta pale kwenye ploti waliniambia baadaye kwamba siku ya mazishi ya mzee hakulia hata kidogo.