Mafiga Yangu Yako Wapi?

"Nenda tu, mke wangu." Basi! Nimemwambia mume wangu nataka kwenda Igalula kwa dada yangu siku chache za kiangazi, naye, fundi cherehani, hata mguu hakuutoa kwenye pedali. Ndoa yenyewe haijamaliza mwaka. Mwanamume gani huyo hata haulizi utarudi lini?

Kwa dada nilikula karanga mpya na kulala mpaka jua likapanda, lakini raha sikuiona. Kila treni ikilia natoka nje. Dada akanicheka: "Mwili uko hapa, roho iko Tabora. Hebu nenda zako!" Nikaenda.

Ndani ya treni nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Je, kama ameshazoea kuishi bila mimi? Niliposhuka nikajitwika kikapu changu, nikakata vichochoro, nikaingia kwa mlango wa uani kama wanawake wote wa mjini.

Jikoni hapakuwa na mafiga. Palikuwa na majivu tu, na alama tatu za mawe chini.

Sasa, mimi ni Mnyamwezi wa kijijini. Kwetu mume akimwacha mke hana haja ya maneno mengi, anamng'olea mafiga. Hasira zikanipanda.

"Mafiga yangu yako wapi?" nikapiga kelele. "Kama umeniacha, si uniambie kwa mdomo wako!"

Akaja mbio kutoka mbele, masizi usoni. "Umepitia wapi wewe? Mimi nakungoja barazani!"

Akanivuta mpaka huko. Mafiga yangu yote yako kando ya cherehani, moto unawaka, na juu yake sufuria ya ugali ulioungua. Alisema ukiwa jikoni huioni njia ya stesheni. Tangu niondoke alikuwa anapikia pale, majirani wanamcheka, ili nikitokea tu anione.

"Sasa mbona uliniambia nenda tu?"

"Ningekuzuiaje kwenda kwa dada yako?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza mafiga yakiondolewa maana yake nini kwetu. Mtoto wa mjini yule, angejuaje? Macho yakamtoka pima.

"Mungu apishe mbali!" Akaitua sufuria, akainama.

"Ngoja yapoe, bwana!" nikamkemea, lakini alikuwa ameshalikumbatia la kwanza, analikimbiza jikoni.