Ziwa la Baba Kilangoni

Mimi ni mdadisi, sifichi. Nikipita Naguru nikaona watu watatu wamesimama wanatazama mtaro, lazima nami nisimame nitazame mtaro. Ndiyo maana tangu utotoni nilitaka kuliona ziwa la baba yangu, na ndiyo maana mwisho wa Agosti iliyopita, kabla mvua za Septemba hazijaanza, nilimtoa Kampala mzee wa miaka sitini na tisa nikampeleka kupanda Ruwenzori. Siku ya kwanza mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Baba alikuwa polisi. Alitoka kaskazini akiwa kijana, akapangiwa kituo kidogo chini ya mlima, karibu na mpaka wa Kongo, halafu akahamishiwa Kampala. Sisi watoto wanne tulikulia katika kambi ya polisi Naguru, ndani ya yuniporti, kile kibanda cha mabati cha duara ambacho mchana ukikaa ndani unaiva. Jioni mabati yakianza kupoa, alitusimulia habari za kilango, pale juu ambapo milima miwili inaachana na njia inapita katikati. Walitumwa doria huko kuwavizia wafanya magendo ya kahawa. Ukifika kilangoni, alisema, unaliona ziwa chini ya miguu yako, jeusi, limetulia, na ng'ambo yake moshi wa Wakongo wanaopika. Kaka yangu mkubwa aliamua kuwa polisi kwa sababu ya ziwa hilo, na kweli leo ni polisi. Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili, jambo ambalo baba hulionea huruma kidogo.

Miaka miwili nilimbembeleza twende. Mara goti, mara uchaguzi, mara mahindi ya kule nyumbani kaskazini hayajavunwa. Nikanyamaza. Halafu asubuhi moja ya mwezi Juni, ninammiminia chai, akasema bila kuniangalia, "Mama, mwezi ya nane tunaenda." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikamuuliza kumebadilika nini.

"Hakuna kitu imebadilika. Kunywa chai."

Tukaanza mazoezi. Kila kukicha tulipanda kilima cha Naguru tukiwa na mabegi mgongoni, ndani yake kilo kumi za unga wa mahindi kila mmoja. Tulitembea dakika hamsini na kupumzika kumi, saa mkononi, kama alivyofundishwa chuoni. Walinzi wa mageti walimpigia saluti. Wengine ni watoto wa kambi ileile. Akaenda Katwe kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na fimbo mbili za bomba la maji zenye ncha za chuma. Nilimwambia fimbo za kupandia mlima zinauzwa, nyepesi, zinakunjwa. Akasema hizo ni za watalii. Siku ya kuondoka alinifanyia ukaguzi wa begi kama kuruta, akanitolea kila kitu sakafuni mara mbili, na nguo alizotaka nibebe ni zile zilizopigwa pasi.

Kiongozi wetu wa njia alikuwa Mkonzo, mwenyeji wa palepale chini ya mlima, mtu wa rika langu, Kiswahili chake cha upande wa Kongo. Alipoviona viatu vyangu vya kupandia mlima, mitumba safi ya soko la Owino niliyoinunua kwa kujigamba, alinipa gambuti, buti ndefu za mpira. Huko juu ni tope tupu, alisema. Nikageuka, nikamkuta baba ameshavaa zake zamani, anapiga miluzi. Zile fimbo za Katwe nazo hazikumaliza hata siku moja. Kila alipozichomeka topeni zilizama kwa uzito wake mpaka katikati, na kuzing'oa kulichosha kuliko kutembea. Tuliziacha kwenye kibanda cha kwanza cha kulala wasafiri, na wapagazi tuliowakuta hapo wakazifungia kamba wakaanika soksi.

Lakini njia aliijua. Nasema aliijua kweli. "Mbele iko mto, daraja upande ya kushoto," na daraja lilikuwa kushoto. Alijua jiwe ambalo chini yake watu hujificha mvua, alijua mahali pa kuchota maji safi na mahali ambapo maji yana kutu. Nilimuuliza habari za kila mmea, akanijibu, na alipokosa jina alinipa matumizi. Kiongozi akaniambia, "Huyu mzee si mgeni." Nilivimba kichwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia njia hii kwa masikio, na sasa inajitokeza mbele ya macho yangu, kitu kimoja baada ya kingine, kama alivyosema.

Siku ya tatu tulipita kibanda cha pili, na baba akanyamaza.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Huko juu hewa ni nyembamba, na mimea yenyewe inashangaza: mashina marefu kuliko mtu, yamevaa majani makavu mpaka chini, juu yake kichwa cha majani mabichi kama sukumawiki ya majitu. Nilimuuliza wao polisi waliiitaje. Akasema hakumbuki. Nikamuuliza njia inashika wapi. Akasema, "Hii njia ilibadilishwa."

"Hapana, mzee," kiongozi akasema kwa upole. "Kushoto ni jabali, kulia ni tope la kumeza ng'ombe. Ingebadilishwa ipite wapi?"

Baadaye kidogo nikamsikia baba anamuuliza kiongozi, kwa sauti ya chini, kilango kiko mbali kiasi gani.

Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake namjua. Kila swali ana jibu, mpaka lile ambalo mwenzake hakulifikia. Nilitembea nyuma ya baba nikiangalia gambuti zake zikiingia na kutoka topeni, na nikajua kwamba yeye na doria yake waliishia kibanda cha pili. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika hasa, hata nikaacha kuhisi baridi. Utoto mzima! Halafu hasira ikaniishia na hofu ikashika nafasi yake, maana bado saa chache tu tungefika kilangoni, na pale baba yangu angelazimika kunionyesha ziwa. Angefanya nini? Mtu aliyeheshimiwa na kambi nzima, angesimama pale mbele ya binti yake na mgeni, aseme nini? Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisingekuwa mtu wa kuuliza maswali.

Tulifika karibu saa sita mchana. Kilango chenyewe ni mwanya wa mawe, upana wake kama barabara ya mtaa, upepo unapita humo bila adabu. Upande wa pili palikuwa na ukungu mtupu. Huoni hatua kumi. Sijawahi kuufurahia ukungu kama siku ile.

"Bahati mbaya, Baba," nikasema haraka. "Ziwa liko hapo chini, ila wingu limelifunika. Basi, tupige picha tushuke."

Aliniangalia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu kwa baridi. Alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika mbele ya tumbo.

"Mimi hapana jua hii mahali," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Nikasema najua. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba alitarajia. Akaniambia yote palepale, upepo ukimkata maneno. Sajenti wao alikuwa na kifua kibovu. Wakifika kibanda cha pili walikaa siku mbili wakipika maharage, kisha sajenti akaandika kwenye kitabu kwamba wamefika kilangoni na hakuna kitu. Walifanya hivyo kila doria. Ziwa alilitia yeye mwenyewe katika hadithi, kwa sababu sisi watoto tulimuuliza kuna nini huko juu, naye aliona aibu kutujibu hakuna kitu.

"Sasa mbona umekubali kuja?" nikamuuliza.

"Nilitaka hii maneno ikuwe ya kweli kabla mimi nakufa. Nikasema, labda ziwa iko."

Kiongozi, aliyekuwa akijifanya anafunga kamba za mzigo, akasema tungoje robo saa, ukungu huu hauna msimamo. Tukakaa chini mgongo kwa mgongo tupashane joto. Na kweli ukaanza kupasuka, vipande vipande, mpaka bonde lote likawa wazi. Nilitazama kwa macho yangu yote. Hapakuwa na ziwa. Hapakuwa na moshi wa Wakongo wala wa mtu yeyote.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamuuliza kiongozi kama simu hushika hapa. Kiongozi akasema hushika, mara mtandao wa Uganda, mara wa Kongo, inategemea jiwe utakalosimama juu yake. Baba akapanda jiwe, akampigia kaka yangu. Nilijaribu kumzuia, nikamwambia mambo haya yatangoja Kampala. Akanipa mgongo.

"Wewe iko kazini? Basi sikiliza. Mimi iko juu, kwa kilango. Ile ziwa hakuna. Mimi nilikuwa nadanganya nyinyi."

Alikuwa ameweka sauti ya simu nje, maana masikio yake si mazuri. Tulisikia mlango ukifungwa huko Kampala. Sikuweza kumwangalia baba usoni. Nilimfikiria kaka yangu na sare yake, na miaka yote ndani ya sare ile.

"Sasa huko iko nini, Baba?" kaka akauliza.

Baba akageuka kulitazama bonde. Alilitazama polepole, kutoka upande huu hadi upande ule, kisha akaanza kumwambia.