Kiapo cha Fundi Hamdun

Hamdun hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa fundi wa kanzu, mwenye kibanda chake Dirah, mji wa Riyadh, kati ya wauza bakhuri na wauza mabushti. Alizaliwa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, katika nyumba iliyokuwa ikinukia mchuzi wa nazi, maana wazee wake walitoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi na hawakurudi tena. Kazi ikampeleka Riyadh, mkewe Rania akabaki Jeddah na watoto, naye akawa mtu wa njiani maisha yake yote.

Sokoni walimjua kwa jambo moja. Mteja akiuliza, "Ijumaa itakuwa tayari?" mafundi wengine walijibu wallahi tayari, hata kama kitambaa hakijakatwa. Hamdun alisema inshallah, akaendelea kukanyaga cherehani. "Jina la Mungu si pini," alizoea kusema, "ya kuchomeka popote."

Dada yake Samia aliolewa Denmark, mji wa Odense, na huko ndiko alikozaliwa Faris. Mtoto alikuwa mnene, na shuleni walimcheka. Akaanza kutoweka jioni na taulo begani, akimwambia mama yake anakwenda kuogelea. Siku moja akarudi na mdomo umepasuka.

"Bwawa gani hilo lenye meno?" Samia akamuuliza.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa Faris ni bondia. Samia alilia, kisha akanyamaza, kisha akawa anamkandia maji ya moto. Kijana akakua, unene ukageuka mabega, akaingia ngumi za kulipwa. Alipigana kwenye kumbi za Denmark zilizojaa harufu ya bia, yeye asiyeionja, na watu wa Odense wakaliimba jina lake kama la mtoto wao. Alishinda, akashinda tena, akapelekwa Ujerumani, akapelekwa Uingereza. Huko Uingereza alipigwa mpaka mama yake hakuitambua picha yake. Tangu siku hiyo waandaaji wa mapambano hawakumwita tena kwa kuwa wanataka ashinde. Walimwita kwa kuwa ana jina, na kijana anayepanda anahitaji jina la kukanyaga.

Walipomwita Riyadh, kwenye pambano la utangulizi, ukoo mzima ulifurahi. Siku hizi mabondia wa dunia nzima wanakuja Saudia, na sasa mmoja wao alikuwa wetu.

Alishukia Jeddah kwanza ili afanye umra. Hamdun alikwenda naye. Faris alijitazama katika zile shuka mbili nyeupe zisizo na mshono, akacheka.

"Mjomba, hapa mafundi wote mnakufa njaa."

"Nyamaza, utie nia," Hamdun akamwambia, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Kutoka hapo walikwenda Riyadh, Faris kwenye mazoezi na Hamdun kwenye cherehani. Joho la kuingilia ulingoni alisema atalishona mwenyewe. Alichagua hariri nyekundu yenye bitana nyeupe, rangi za bendera ya Denmark, na Faris akaja kibandani kupimwa.

Hamdun alikuwa na mazoea yake. Akimpima mtu, humpa pini amshikie, kwa kuwa mdomo wake mwenyewe umeshajaa pini nyingine. Alisimama upande wa kushoto wa Faris akamnyoshea. Faris hakuipokea. Hamdun akaisogeza karibu na uso wa kijana. Faris alikuwa akitazama mbele, akisimulia habari za theluji. Hamdun akapeleka mkono mpaka karibu na kope. Jicho halikupepesa.

Akazitema pini zote kiganjani.

"Faris, jicho hili lina nini?"

"Pazia tu, mjomba. Limeshuka upande huu."

"Toka lini?"

"Toka msimu wa baridi."

"Na daktari?"

"Daktari wa mapambano ananipima kesho. Zile herufi za ukutani nishazihifadhi kama Alhamdu."

"Usifananishe!"

"Nisamehe." Kisha akamshika mikono, na mikono yake ilikuwa mikubwa mno kwa kibanda kile. "Hili ni la mwisho, mjomba. Nikishuka hapo nakwenda kutibiwa, nakaa na mama. Lakini ukisema, watanifuta, na mimi nitakuwa yule yule mnene aliyekimbia. Niapie hutomwambia mtu."

"Mimi siapi. Unanijua."

"Ndiyo maana nataka uape wewe. Akiniapia mtu mwengine, silali."

Hamdun alimtazama, akamwona mtoto mwenye taulo begani. Huruma ina hila zake. Akasema, "Wallahi sitamwambia mtu," na neno lilimtoka jepesi, kama uzi unavyochomoka kwenye sindano.

Kesho yake daktari alimpitisha. Jioni Samia akapiga simu kutoka Odense.

"Kaka, umemwona mwanangu?"

"Nimemwona."

"Mzima?"

Hamdun aliangalia lile joho lililoning'inia ukutani. "Anakula vizuri."

"Kwani nimekuuliza kula?"

"Ana nguvu, Samia. Mabega yale, kitambaa kilitaka kunipungukia."

Samia akacheka. "Basi alhamdulillah. Ukisema wewe, mimi nalala."

Alijua. Tangu chuo cha Kurani kwao Bani Malik alijua kwamba mtu akiapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alifanye lililo bora, awalishe masikini kumi, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Aliwahi hata kuwafundisha wanawe. Lakini hakuwahi kuvunja kiapo kwa kuwa hakuwahi kuapa, na kile kimoja alichonacho kilimkaa kifuani kama jiwe la mizani. Alimwomba Mungu amfungulie njia. Alingoja njia ije yenyewe.

Siku ya pambano aliruhusiwa kuingia chumba cha kubadilishia nguo alete joho. Kocha wa Faris, mzee wa Kidenmark aitwaye Torben, alikuwa akimfunga bendeji za mikono. Hamdun hakujua Kidenmark, na Torben hakujua lugha yoyote ya Hamdun. Hapo ndipo Hamdun alipoona mwanya. Aliapa hatamwambia mtu, hakuapa kuhusu kidole. Faris alipoinama kufunga kamba za viatu, Hamdun akaligusa jicho lake la kushoto mwenyewe, akalifumba, akamnyoshea kidole Faris, akatikisa kichwa.

Torben alimwangalia. Kisha uso ukamfunguka, akaligusa jicho lake na yeye, akanyosha dole gumba juu. Alidhani mjomba anamwambia amwangalie kijana vizuri. Akampigapiga begani.

"Yalla, twende!" akaita mtu wa mlangoni. Hamdun akabaki na kidole chake hewani.

Faris aliingia na joho lile, na taa zikaipiga hariri ikawaka. Raundi za mwanzo alipigana vizuri. Kule Jeddah, Rania na watoto walikuwa mbele ya televisheni wakipiga vigelegele. Lakini mpinzani alikuwa kijana mwenye macho mawili, na kijana mwenye macho mawili hachelewi kuona. Akaanza kuzunguka upande wa kushoto wa Faris. Ngumi za kulia zikawa zinatoka mahali ambapo kwa Faris hapakuwa na kitu.

Hamdun alisimama kwenye kiti chake. "Kushoto!" akapiga kelele. "Faris, kushoto kwako!" Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, na sauti yake ilikuwa moja kati ya hizo. Alimtafuta Torben kwa macho, akaanza kushuka ngazi. Kijana wa ulinzi akamzuia kwa adabu, mkono kifuani. "Ya ammi, rudi ukae." Hamdun akafungua mdomo kusema alichoapa asiseme. Nyuma ya bega la mlinzi, Faris akaanguka.

Hakuamka. Walimpasua kichwa hospitalini, wakamlaza na mashine ikimpumulia. Samia alifika akiwa bado na koti la baridi. Alikaa kando ya kitanda, akaushika ule mkono mkubwa, na baada ya muda mrefu akauliza bila kugeuka.

"Kaka. Wewe ulijua?"

"Nilijua. Aliniapisha."

Samia hakupiga kelele. "Nami nilikuuliza," akasema. "Nikakuuliza mara mbili."

Mungu alimchukua Faris Alhamisi, kabla ya alasiri.

Hamdun alikwenda kwa sheikhe wa msikiti wa karibu na kibanda chake, akauliza kafara yake ni nini. Sheikhe alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta macho. "Kiapo kinacholipiwa kafara ni kile kilichovunjwa, ndugu yangu. Wewe chako umekitimiza. Omba msamaha kwa Mola wako." Hamdun alingoja aongezewe neno, masikini kumi, hata mia, au saumu. Hakuongezewa.

Kwenye chumba cha kuoshea maiti alisimama na sindano kwenye ukosi wa kanzu, alivyozoea. Wazee wake walimsimulia kuwa kwao Unguja sanda ya mwanamume hukatiwa kanzu, ikapigwa mishono michache mikubwa. Akamwomba mwoshaji, kwa Kiarabu na kwa unyenyekevu, amwachie ashone upande mmoja tu.

"Huku hatushoni, ya ammi," mwoshaji akasema kwa upole. "Ni shuka tatu za kuzungushia. Wewe tusaidie kufunga."

Alifunga. Vitanzi vya kitambaa, kichwani, kiunoni, miguuni, vya kufunguliwa kaburini. Fundi wa miaka yote ile, na fundo ambalo hata mtoto mdogo angelifunga alilirudia mara tatu. Nje Samia alikuwa amekaa na wanawake, joho jekundu limekunjwa mapajani, na Hamdun alipotoka akiwa amebeba jeneza pamoja na wenziwe, dada yake alilitazama jeneza. Hakumtazama kaka yake.