Leodgar, Mfafanuzi wa Koplo wa Pili

Wakati ule nilikuwa mkata tiketi kwenye jumba la sinema la Kigoma, chini kidogo ya stesheni. Filamu zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimefungwa ndani ya makopo ya bati, na nyingi zilizungumza Kiingereza. Watazamaji wetu walikuwa makuli wa bandarini, wavuvi, na akina mama wa Ujiji kama mimi. Kiingereza tungekitoa wapi? Ndiyo maana mwenye jumba alimweka Mzee Leodgar asimame na fimbo kando ya kile kitambaa cheupe, atueleze.

Leodgar alikuwa Muha wa milimani, upande wa Kalinzi. Waingereza walimchukua akiwa kijana, wakampeleka Burma na askari wengine wa Keya, jeshi lao la Waafrika. Huko alijifunza Kiingereza na kulenga shabaha, na huko aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ukimuuliza habari za vita alikuambia mvua ya kule ni nyingi, basi. Lakini akishasimama mbele yetu alikuwa mtu mwingine. Mwanamke akilia kwenye picha, Leodgar alimliza kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kiha, mpaka nasi tukashika ncha za khanga.

Mwaka 1971 ilikuja filamu ya askari aliyerudi kutoka vitani akakuta ndugu yake ameuawa. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelishika. Sisi tuliiita Koplo. Iliisha askari yule amesimama barabarani peke yake, muuaji ametoroka, na tukaambiwa sehemu ya pili inatengenezwa.

Kabla haijafika, Leodgar naye akafikwa na yake. Mwaka uliofuata watu wa milimani walikuwa wakihamia vijiji vipya kwa amri ya serikali. Mama yake, Bibiana, aliomba aachiwe siku chache amalize kuvuna kahawa. Mgambo mmoja aliyeitwa Selestini hakutaka kusikia, akalitia moto paa lake la nyasi. Bibiana alikaa nje kwenye mvua siku nne. Kifua kikambana, akafa kabla mwanawe hajapata habari.

Leodgar alizika, akarudi kazini. Hakulia mbele yetu. Lakini mara tatu aliomba ruhusa, akapanda milimani na gobore lake begani, akimtafuta Selestini kijiji hadi kijiji. Hakumpata. Mjini habari ilienea, na wengi walisema mzee ana haki yake. Nami nilisema hivyo, sifichi.

Koplo wa Pili ilifika mwaka 1973. Jumamosi ile mchana foleni ilikwenda mpaka relini. Nilikuwa nakata tiketi ya mtu mmoja na mkewe mjamzito, mara rafiki yake akamwita kutoka nyuma: Selestini, wa mgambo. Kumbe alikuwa amehamia mjini kulinda ghala. Nikawaangalia mpaka wakaketi, kisha nikaacha dirisha nikakimbia kumwambia Leodgar. Nilidhani nafanya vyema.

"Amekaa wapi?" akaniuliza.

"Benchi la tatu, karibu na ukuta. Yuko na mkewe."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake, akaenda mbele.

Siku ile alieleza vizuri kuliko siku zote. Mimi sikuitazama filamu, nilikuwa namtazama yeye. Mwishoni Koplo alimkuta muuaji kwenye kibanda, amechutama anapika. Akamwelekezea bunduki. Yule mtu akaanza kuomba, midomo inakwenda mbio, na Leodgar akanyamaza. Watu wakapiga miluzi, wakamtaka aseme. Hakusema. Risasi ikalia, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Akangoja mpaka wakatulia.

"Koplo haongei hapa," akasema. "Nami Burma sikuongea. Yule niliyemuua alikuwa anapika wali. Harufu yake ninayo mpaka leo."

Akamalizia sehemu iliyobaki kwa sauti ya chini, kisha akaja mlangoni kwangu akasimama. Selestini alipotokeza, Leodgar alimwambia kwa upole kwamba yeye ni mtoto wa Bibiana.

Selestini alianza kusema alikuwa kazini, akaishia katikati. Mkewe alikuwa akimtazama.

"Moto nilitia mimi," akasema. "Hakuna aliyeniambia nichome."

"Jumatatu tutapanda Kalinzi," Leodgar akamjibu. "Utamwambia mwenyewe."

Wengi tulidhani Selestini angetoroka. Jumatatu asubuhi alikuwepo kwenye lori la Kalinzi kabla ya Leodgar. Yaliyotokea kule niliambiwa na Veneranda, binamu yake Leodgar, aliyekuwa akilitunza kaburi la Bibiana. Anasema Selestini alisimama akataja jina lake na la baba yake, akaeleza alichofanya bila kupunguza. Alipomaliza aliomba jembe, akapalilia pale mpaka jua likawa kali. Leodgar hakumkumbatia wala hakutamka kwamba amemsamehe. Alisema tu aliyotaka kuyasikia ameyasikia, wakateremka mjini kwa lori lile lile.

Bandarini wapo waliomwita mwoga. Mtu aliyerudi hai kutoka Burma, eti mwoga! Mimi ilinichukua miaka kuelewa kazi aliyoifanya mchana ule, mbele ya ukumbi mzima unaodai damu, adui yake hatua kumi kutoka alipo. Katika maisha yangu sijaona mwanamume mwenye nguvu kumshinda.

Selestini alikaa Kigoma. Kila walipokutana sokoni, alisimama na kuvua kofia. "Shikamoo, mzee." Mwaka wa kwanza Leodgar alipita kimya. Siku moja nikiwa nachagua samaki aina ya migebuka karibu yao, nilimsikia akiitikia: "Marahaba." Kisha akamuuliza mtoto anaendeleaje.