Kupita kwa Yared

Mwanangu, mjukuu wangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Nimekukalisha hapa nikusimulie kwa sababu Jumatatu unaanza kazi Tunduma, kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani, na umeniambia kazi yako itakuwa kupokea maneno ya Wazambia kwa Kiingereza na kuwapa wenzetu kwa Kiswahili. Umefurahi, na mimi nimefurahi. Lakini tangu uniambie, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, na chanzo chake ni neno moja la Kiingereza.

Neno lenyewe ni "pass". Usicheke. Najua unalijua kuliko mimi. Watoto wakicheza mpira pale uwanjani wanapeana pasi. Mtu akitaka kuvuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaulizwa pasi yake iko wapi. Wewe ulipofaulu kidato cha nne, mjomba wako alisimama kanisani akatangaza kwamba ume-pass, hata wazee wasiojua Kiingereza wakapiga makofi. Gari likilipita jingine barabarani, neno ni hilo hilo. Na mtu akikata roho, wenye lugha yao wanaona uzito kusema amekufa, wanasema "passed", kama mtu aliyepita tu mlangoni. Neno moja limebeba mpira, mtihani, mpaka na jeneza.

Wakati huo nilikuwa mke mchanga hapa Iyula, nina mimba ya kwanza, miezi saba. Mume wangu Yared alikuwa utingo wa lori lililobeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Simu za mkononi hazikuwepo. Mtu akishavuka mpaka, amevuka. Wewe unabaki kusubiri mpaka umwone kwa macho.

Safari hiyo alichelewa. Wiki ya kurudi ikaisha, na ya pili ikaisha. Kisha dereva mmoja akashuka Vwawa na habari kwamba kuna lori limepinduka porini huko ng'ambo, upande wa Mpika, na watu wamekufa. Lori la nani? Hajui. La rangi gani? Hakuangalia vizuri. Tangu hapo chakula kikawa hakishuki. Nikipalilia mahindi, mtu yeyote akitokeza kwenye njia ya mibuni, naacha jembe namwangalia. Mama mkwe wangu, mjane aliyewalea watoto wake kwa jembe, aliendelea na kazi zake. Lakini kila asubuhi nilimwona akienda kusimama barabarani, akisingizia anatafuta kuku.

Nyumbani aliyejua Kiingereza alikuwa Ezekia, mdogo wake Yared, kijana mpole aliyekuwa ametoka kumaliza sekondari. Mama yao alimtuma Tunduma na gunia la maharage, akamwambia, "Ukimaliza kuuza, waulize watu wa ng'ambo habari za kaka yako."

Alirudi alasiri, mvua imemlowesha hadi shati limemgandia mwilini. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mikono imemning'inia.

"Mama, nimemkuta Bana Mulenga." Huyo alikuwa mama wa Kizambia, muuza samaki wakavu, na Yared alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

"Amesema nini?"

"Amesema Yared has passed."

"Sema kwa lugha ya watu."

Ezekia akafuta mvua usoni. "Yared ametutoka, mama."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mfupa. Nilisikia kiuno kinafunguka, na uchungu ukanishika pale pale, uchungu ambao muda wake ulikuwa bado. Nilishika nguzo ya jiko nikapiga yowe. Majirani wakaja mbio. Kabla sijalazwa kwenye mkeka, ua ulishajaa vilio, na jirani yetu mmoja, kwa wema kabisa, akapanda baiskeli kupeleka habari ya msiba kwetu Mbebe, kwa baba yangu mzazi.

Mama mkwe hakulia. Alimsogelea Ezekia.

"Amekufa wapi?"

"Hakusema, mama."

"Kwa ugonjwa au kwa ajali? Nani kamwona? Mwili uko wapi?"

"Sikuuliza. Niliposikia neno lile masikio yaliziba. Nikakimbilia gari."

"Huyo mama alikuwa analia?"

Ezekia akasema polepole, "Alikuwa anampimia mtu samaki."

"Hilo neno lina maana nyingine?"

"Linazo, mama. Nyingi. Lakini lori limepinduka, na kaka amechelewa mno..."

"Kwa hiyo maana umechagua wewe," mama akasema. "Tena siyo wewe. Hofu yako ndiyo iliyokuchagulia."

Akageuka, akapaza sauti kwa wanawake waliokuwa wamekaa chini wanalia. "Nyamazeni. Katika ua huu hatumwombolezi mtu ambaye hatujauliza yuko wapi!" Wengine walinong'ona kwamba uchungu wa mwana umempanda kichwani. Mmoja alikuwa ameshaleta wembe wa kuninyoa nywele za ujane. Mama alimnyang'anya akaufutika kwenye mkunjo wa kanga yake. Alipouliza ni nani ametoka na baiskeli, ilikuwa too late kwa lugha yenu, na kwa yetu maji yalishamwagika.

Alfajiri Ezekia akarudishwa Tunduma. Asubuhi ile, mwanangu, sijui niieleze vipi. Kama ningeambiwa moja kwa moja kwamba amekufa, ningelia nikajua ninalia. Kama ningeambiwa yu hai, ningecheka. Mimi nililala katikati. Uchungu ukija, mama ananikanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto, ananiambia, "Mwambie mtoto asubiri, baba yake bado hatujamuulizia." Nikianza kutumaini, najikemea. Nikiacha kutumaini, naona aibu kana kwamba nimemzika kwa mkono wangu. Wanawake uani hawakujua waimbe au wapike, wakawa wanapukuchua mahindi kimya, na kila punje iliyodondoka kwenye ungo niliisikia.

Mchana mbwa wakabweka. Mama alitoka. Nikafumba macho. Kisha nikasikia sauti ya mama, ile sauti aliyokuwa ameifungia tangu jana, ikilia kwa nguvu. Nikajua basi, imekwisha.

Mkeka ukaguswa. Nilipofumbua macho, Yared alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananuka dizeli na samaki.

Ezekia alitusimulia baadaye. Alipofika sokoni alimwuliza Bana Mulenga, safari hii kwa maneno mengine: "Kaka yangu yuko wapi?" Yule mama akashangaa. "Si nilikwambia jana? Alipita kwangu Nakonde, akala, akaenda kwenye foleni ya malori." Ezekia akamwambia nyumbani kuna msiba. "Awe! Hapana!" mama wa watu akapiga kelele, akashika kichwa, akaacha samaki wake mezani, akamshika Ezekia mkono mpaka kwenye foleni ng'ambo ya mpaka. Yared alikuwa amelala chini ya lori lao, ambalo liliharibika njiani na kukaa siku nyingi likisubiri kipuri. Lile lililopinduka lilikuwa la watu wengine, Mungu awarehemu.

Ua uligeuka sherehe. Uchungu wangu ukatulia. Lakini mama alimwita mtu mwingine mwenye baiskeli, akamtuma Mbebe haraka akafute habari ya jana. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya usiku. Akakwama ukingoni, akashinda hapo, akalala hapo.

Baba yangu alikuwa mzee. Aliposikia binti yake amekuwa mjane akiwa na mimba, hakungoja mvua ikatike. Alitembea na ndugu zangu milima ile yote wakipitia njia nyingine, akilala na nguo mbichi. Siku walipofika tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanaimba wimbo wa mazishi kwenye njia ya mibuni. Yared alikuwa uani anakula ugali. Wimbo ukakatika sauti moja baada ya nyingine, mpaka akabaki baba peke yake anaimba, maana macho yake hayakuwa yanaona mbali. Alipofika karibu alimshika Yared uso kwa mikono miwili, akaupapasa. Akakaa chini kwenye tope.

Kesho yake kifua kilimbana. Tulimpeleka hospitali, akapata nafuu, akaumwa tena. Mtoto niliyembeba alizaliwa salama, na huyo ndiye mama yako. Baba alimpakata mara moja tu. Kahawa haijaanza kuiva, tukamzika. Sisemi neno lilimuua. Siku za mtu anazijua Mungu. Nasema tu kwamba lilimkosa Yared, likaenda Mbebe, likarudi naye.

Ezekia alichimba lile kaburi tangu mwanzo hadi mwisho, akakataa kumpa mtu jembe. Mama mkwe alimfuata pale pale. Nilikuwa karibu nikasikia. "Hukudanganya, mwanangu," alimwambia. "Na Kiingereza chako hakikuwa kibaya. Ulikosa swali moja tu. Ubebe hilo, lakini usilibebe mpaka likuvunje."

Sasa nisikilize. Wewe utaletewa maneno ya namna hiyo kila saa, mengine kwenye simu, na kidole chako ni chepesi kuliko baiskeli ya jirani yetu. Neno likikushtua, usilipeleke bado. Limekushtua kwa sababu limegusa jambo ulilokuwa unaliogopa, na mtu mwenye hofu husikia anachokiogopa. Rudi kwa aliyesema. Mwulize nani, wapi, ameona nini, umwulize kwa maneno mengine mpaka ajibu kwa maneno mengine. Akikuona mjinga, mwache akuone. Kuuliza si ujinga. Na usipojua, sema sijui. Watu wanaweza kulala na "sijui" mpaka kesho. Kuna habari ambayo ukishaipeleka, hata ukiikimbilia kuifuta, utaukuta mto umejaa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yenye subira na mdomo usio na papara. Watakaokungoja dirishani wapate kwako ukweli wote, uwe mtamu au mchungu, na pasiwe na mzee popote atakayetembea kwenye mvua kwa sababu ya neno ulilolituma wewe. Akutangulie uendako, na akurudishe kwetu mzima.