Jina la Mkwe Lilimkwamisha Karani wa Saratani

"Huyo ni mtu mmoja, mama Asifiwe. Umemgawa mwenyewe," anasema Hezroni. Rut, ndiye mama Asifiwe, anashikilia kwamba ni wawili, kama alivyojibu asubuhi.

Wamebanana kwenye benchi mbele ya kompyuta, nyuma ya duka la vitenge la Bi Mwanaisha, Mbugani, mjini Kyela. Ni makarani wa kumbukumbu za saratani katika hospitali moja wilayani. Mwaka huu wa 2006 wanaisomea kazi hiyo kwa intaneti. Mwalimu yuko Dar es Salaam na hawajawahi kumwona. Anatuma somo, wanajibu, mtandao unakatika, wanaanza upya.

Bi Mwanaisha, aliyeleta kompyuta baada ya maduka ya vitenge kujaa mtaani, anawaomba wapunguze sauti. Wateja watadhani wanagombania kiwanja.

Somo la leo ni kumhesabu kila mgonjwa mara moja tu. Mwalimu ameona wanawake wawili katika taarifa zao: wote wa Ndandalo, wote wana saratani ya titi, wamezaliwa siku moja, jina la kwanza moja. Jina la pili tu ndilo tofauti. Anauliza: ni mtu mmoja?

Rut, mama wa watoto wanne, hafichi kwamba kozi inamchanganya. "Jioni nimeelewa, asubuhi sielewi tena," anasema.

Mgonjwa alipokelewa mara ya kwanza na Hezroni, aliyeandika jina la baba wa mgonjwa kama jina la pili. Aliporudi alipokelewa na Rut. Hezroni anamtaka Rut ataje jina alilosikia siku ile. Rut anasema jina hilo halitaji.

"Ni jina la mkweo?" anauliza Bi Mwanaisha.

Ndilo: baba wa mgonjwa na baba mkwe wa Rut wana jina moja. Kwa Wanyakyusa, mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, hata likiwa la mtu mwingine. Rut aliandika jina la ukoo badala yake.

"Kulitamka najua ni mwiko. Kama kuliandika nako ni mwiko, sikujua," anasema. "Nilimuuliza mama mkwe. Akasema enzi zake hakuna mkamwana aliyeandika, kwa hiyo hajui."

Hezroni hacheki. Anasema majibu ya kipimo yalirudi kwa jina aliloandika yeye, yakawekwa kabatini. Faili linalotumika kuwaita wagonjwa lina jina aliloandika Rut. Kwa hiyo mama huyo yuko Ndandalo tangu mpunga uvunwe, akisubiri kuitwa kwenye matibabu.

Rut anauliza kama uvimbe umekua. Hakuna anayejua.

Hezroni anajitolea kuliandika yeye jina hilo kwenye jibu la mwalimu. Rut anamkatalia.

"Akija mwingine mwenye jina hilo wewe uko likizo, nitamfanyaje?"

Anavuta kibodi, anafunga midomo na kuliandika jina lote, herufi baada ya herufi. Chini yake anaandika: ni mtu mmoja, kosa ni langu. Anatuma.

Kisha anaazima simu ya Bi Mwanaisha na kumpigia binti wa mgonjwa. Anamwambia majibu yapo, amlete mama yake hospitali kesho asubuhi, wasisubiri barua. Binti anasema ndaga, asante, kisha anauliza mama yake ajitambulishe kwa jina gani.

"La baba yake," anasema Rut. "Alitaje tu. Nitaliandika."