Kumfundisha Mama Kukana Shitaka

Chuoni tulikuwa tukisoma sheria ya jinai na taratibu za korti ili tuwe makarani. Hatua ya kwanza niliijua hata usingizini: mshitakiwa asomewe shitaka, aulizwe kama ni kweli, jibu lake liandikwe. Nikaona kazi yenyewe nyepesi.

Mpaka aliposhitakiwa mama mwenye nyumba wangu, muuza vitumbua wa Kariakoo. Bwana mmoja wa duka la vitambaa aliona doti ya kanga kapuni mwa mama, akadai imeibwa dukani kwake. Kanga ile mama aliinunua duka jingine, na jirani yetu alikuwepo.

Jioni, uani, nikajifanya hakimu.

"Unashitakiwa kwa kuiba kanga. Kweli si kweli?"

"Nisamehe, bwana," akajibu, macho chini.

"Kwani mama umeiba?"

"Niibe mimi?"

"Sasa msamaha wa nini?"

"Mwanangu, mtu mzima amekasirika, wewe umbishie? Unamtuliza kwanza."

Nikapandwa na hasira. Chuo kilipotupeleka kortini kutazama kesi, niliona watu wa adabu kama yeye wakiomba radhi, karani akaandika wamekiri, na shahidi asiitwe tena. Sisi wa Kilimanjaro kubisha hatufundishwi, tunazaliwa nako. Nikaapa huyu mama hafungwi kwa ajili ya adabu.

Siku nne nilimsomea shitaka, asubuhi akikoroga unga, jioni akiosha vyombo. Mtihani wangu ulikuwa wiki ileile, vitabu nikavisukuma chini ya kitanda.

"Sema, si kweli."

"Huo ufidhuli."

Siku ya nne alilisema neno hilo, kwa sauti ya mgonjwa.

Kortini nilikaa benchi la nyuma, roho juu. Shitaka likasomwa. Mama akainama.

"Nisamehe, bwana hakimu."

Karani akachovya kalamu. Nilishika benchi nisije nikapayuka.

"Nisamehe kwa kukubishia mbele ya watu wote hawa," akaendelea polepole, "lakini si kweli."

Jirani akaitwa, akaeleza alichokiona, mama akaachiwa. Nilitamani kumkumbatia, lakini alishika njia mbele yangu, mwendo wa haraka. Tulipofika mlangoni ndipo akanigeukia.

"Kesho tunakwenda kwa yule bwana wa duka, nikamwombe radhi. Tumemwaibisha."

Nikamwambia siendi ng'o. Kesho yake nilikuwa nyuma yake, nimebeba sahani ya vitumbua.